Mgosi, Hii Waini Ina Bibo Ndani

Chupa tano ziko mezani. Zimevikwa gazeti la juzi, shingoni zimefungwa kamba ya katani, kila moja ina namba yake kwa wino mzito. Anayejua ipi ni ipi ni sista wetu wa Makorora peke yake, na sista kakaza uso kama msimamizi wa mtihani. Nje ni Ngamiani, Tanga, jioni ya mwezi wa kumi na mbili, kaskazi inapuliza joto dirishani, bodaboda zinapishana. Ndani ya geto kuna feni moja, wana wanne, glasi za kuazima, ndoo ya kutemea, bakuli la mazambarau na sinia la mabibo.

"Niaje wasee," binamu yangu wa Nairobi akasema, begi bado liko mgongoni. Alikuwa kavuka Horohoro mchana ule kuja kula Krismasi na sisi. "Hii ni sherehe ama ni KCSE?"

"Vyote viwili, mgosi. Kaa."

Sheria zilikuwa tatu. Hakuna kufunua gazeti. Hakuna kutaja bei. Na ya tatu, ambayo ilininyima usingizi wiki nzima: hakuna kutumia jina la kitu ambacho hujawahi kukitia mdomoni.

Hiyo ya tatu ina stori yake. Sista alipiga kazi miezi kadhaa kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa Pangani. Siku ya kwanza akapewa karatasi akariri: waini hii ina blakiberi, ile ina gusiberi, nyingine ina harufu ya maua ambayo hata picha yake hajawahi kuiona. Akakariri yote, maana nyumbani mkwanja ulikuwa unasubiriwa. Kila jioni anasimama mbele ya meza za wageni, anayamwaga maneno yale bila kukosea hata moja. Mpaka mama mmoja mgeni, mtu mzima, akamuuliza kwa upole kabisa: hilo gusiberi lenyewe likoje? Sista hakuwa na jibu. Kakulia Makorora, anatofautisha embe dodo na embe boribo kwa harufu tu, taa zikiwa zimezimwa, lakini pale kazini akawa mtu asiyejua anachokisema. Aliponisimulia tulikuwa tumekaa Raskazone tunaangalia mashua zinarudi, na hakunitazama usoni hata mara moja. Iliniuma kinoma.

Iliniuma kwa sababu najua alivyo na ulimi. Watu wa huku wanalelewa wakionja. Mama anayeuza mihogo ya nazi pale kona anajua kwa ncha ya kijiko kama tui zito limetiwa mapema likakatika. Mzee wa kahawa anapita na dele lake jioni, kikombe kichungu mkono huu, kashata mkono ule, na hakuna chuo kilichomfundisha kwamba uchungu wa kahawa unataka sukari na karanga pembeni ili mdomo utulie. Kule mahotelini watu wanalipwa kusema waini gani iende na chakula gani. Kijiwe cha kahawa kinafanya kazi hiyohiyo kila jioni, na kikombe unakilipia kwa chenji iliyobaki mfukoni.

Basi nikasema, wana, tuchange. Msimbazi mmoja mmoja, na mwenye zaidi aongeze. Tutafute waini nyekundu na nyeupe za sehemu mbalimbali, tuzivishe gazeti, halafu tuziseme kwa maneno yetu. Wote tumevuka miaka 18 kitambo, hakuna anayeendesha chombo usiku ule, na lengo siyo kuwaka. Ndiyo maana kuna ndoo.

Kabla ya siku yenyewe nilizama Soko la Mgandini kwa mama mmoja anayeuza viungo. Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, vingi vinashuka kutoka Amani, milima ya Muheza, na ukipita mbele ya meza yake shati linarudi nyumbani na harufu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za pilau?"

Nikamwambia ukweli, maana mtu mzima hadanganywi. Kwamba nataka kuifundisha pua yangu, kwa ajili ya waini. Akanitazama muda, akafunga ushungi wake vizuri.

"Hilo la kunywa mimi simo, mwanangu, na wewe utalijibu mwenyewe. La pua nitakufundisha."

Akanipa kijiti cha mdalasini. Ziba pua, tafuna. Nikatafuna: ni gogo tu, kama nimeng'ata mguu wa stuli. Sasa achia pua. Aise! Mdalasini wote ukafunguka kichwani kama mtu kawasha taa. Akanieleza kwamba ulimi una kazi chache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu. Mengine mengi ni pua, ndiyo maana ukiwa na mafua hata biryani haina maana. Akanipangia viungo mkononi kimoja kimoja, nafumba macho, nanusa, nataja. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Nikakaa pale karibu saa nzima, wateja wanakuja na kuondoka, na mwisho nililipa buku mbili tu za iliki. Nilichopewa pale nitakuwa nacho mpaka nizeeke.

Sasa turudi kwenye bibo.

Kila mtoto wa Pwani anaijua ile kitu. Umeokota bibo chini ya mkorosho, limeiva, jekundu, limejaa maji, unalifyonza. Kwanza utamu, halafu ghafla ulimi unakauka, mashavu yanajivuta ndani, koo linakaba. Huo ndio ukakasi. Ndizi mbichi inao, zambarau ambalo halijaiva vizuri linao mpaka unashindwa kusema. Nilipoanza kusoma mambo ya waini nikakuta wataalamu wanahangaika na kitu wanachokiita tanini, wanakifananisha na chai iliyokaa sana au na ngozi ya viatu. Nikafunga kitabu nikacheka kwa furaha, maana neno tunalo. Tanini inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, mdomo unakwaruza. Ukakasi, basi. Mtoto wa miaka sita wa Mwambani anaweza kukueleza.

Na inatoka wapi? Kwenye ganda na mbegu. Chukua zabibu nyeusi za kawaida uzikamue taratibu, juisi inatoka karibu nyeupe. Rangi iko kwenye ganda. Waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake, kwa hiyo inabeba rangi na ukakasi kwa pamoja. Nyeupe inakamuliwa, maganda yanawekwa kando, juisi inachacha peke yake. Hapo ndipo tofauti inapoanza. Zambarau linakuonyesha hilohilo: nyama yake ya ndani imepauka, ni ganda linalokuachia ulimi wa rangi mpaka bimkubwa anajua ulikuwa wapi mchana kutwa.

Nilipowaeleza wana hivyo pale geto, binamu alichukua bibo, akang'ata, akakunja uso wote. "Manze! Hii kitu imenikausha mdomo yote!"

"Shika hapohapo," sista akadakia. "Usisahau hiyo hali. Utakutana nayo chupa ya nne."

Kitu kingine, msiichukulie waini kama mgeni aliyeshuka juzi bandarini. Kuna kitabu cha safari za baharini cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachoielezea pwani hii mpaka mji wa Rhapta. Wapo wasomi waliouweka mji huo karibu na mdomo wa mto Pangani, wengine wanausogeza kusini mpaka Rufiji. Kitabu kinataja bidhaa zilizoletwa na mabaharia: mikuki, mashoka madogo, majambia, vitu vya kioo. Halafu kinaongeza kwamba sehemu nyingine walileta waini kidogo na ngano, siyo vya kuuza, bali vya kuwapa wenyeji ili urafiki ukae vizuri.

"Kwa hivyo," binamu akasema, kidole juu, "tumekuwa tukibuyiwa tei tangu enzi za Yesu?"

Ndiyo hivyo, mgosi. Halafu wakaja Wareno, na neno lao vinho likabaki midomoni mwetu kama mvinyo. Hapo Mtangata, kusini mwa mji, njia ya kwenda Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, Januari 1499, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Kanisani tunasema divai. Kitaa ni waini. Kitu kimoja, majina matatu, na kila jina limekuja na mlango wake. Bibi yangu, Mbondei wa Magila, kwake ni divai tu, mengine hayatambui.

Na kabla ya chupa yoyote kulikuwa na tembo. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata karara, anashusha kibuyu. Tembo la asubuhi ni tamu, jepesi, linachezacheza ulimini. Likifika jioni limekuwa kali, na ukiliacha siku kadhaa lina uchachu wa kutilia kachumbari, maana limeshageuka siki. Mtu aliyekulia karibu na minazi ameshaona uhai mzima wa kinywaji, toka kuzaliwa hadi kufa. Milimani kwa Wasambaa na Wapare lipo dengelua la miwa, nalo lina wazee wake wanaojua limefika au bado. Ukimwambia mgema kwamba waini nayo inakufa ikipata joto na hewa, hashangai hata kidogo.

Joto ndilo adui yetu huku. Kwenye chupa nyekundu nyingi utaambiwa unywe kwa joto la chumba. Chumba kipi? Aliyeandika alikuwa na nyumba ya mawe Ulaya, chumba kina nyuzi 16, 17, 18. Geto la Ngamiani mwezi wa kumi na mbili linapita nyuzi 30, feni inazungusha moto tu. Nyekundu ikinywewa hivyo kilevi kinaruka puani, utamu unakuwa mzito, ladha zote zinalala. Mchizi wangu anayeuza samaki kule Deep Sea akanipa mfuko wa barafu. Yeye hanywi, aliniachia barafu na changu watatu akasepa kwake mapema, lakini aliniachia na ujuzi: mwaga chumvi kwenye barafu na maji kidogo, ubaridi unashuka zaidi na unaingia haraka. Hivyo ndivyo wanavyookoa samaki. Nyeupe nikazizamisha humo mpaka zikashika nyuzi kama 8 au 10, nyekundu nikazipa dakika 20 tu. Kama kuna kitu kimoja utachukua kwenye stori hii ukafanye nyumbani, chukua hicho. Nyekundu iliyopozwa kidogo ni kitu kingine kabisa.

Haya, twende.

Namna yetu ilikuwa hii. Mimina kidogo, robo ya glasi. Angalia rangi juu ya karatasi nyeupe. Zungusha glasi, waini ipande kuta zake na itoe pumzi. Nusa mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili taratibu. Vuta funda, sukutua mdomo mzima kama unapiga mswaki, tema au meza, halafu hesabu kwa vidole ladha inakaa muda gani kabla haijapotea. Ladha hiyo ya mwisho tuliipa jina la mkia. Waini yenye mkia mfupi inakuaga mlangoni, yenye mkia mrefu bado mnaongea nayo mpaka barabarani.

Chupa ya kwanza, nyeupe. Rangi ya majani makavu yaliyoanikwa. Pua zikaingia. Kimya. Kisha mshikaji wa Chuda, ambaye huwa haongei, akasema: "Ganda la chungwa. Chungwa la Muheza, lile la kijani bado, unalimenya kwa kisu." Ikawa kama amefungua bomba. Sista akasema anasikia embe lisiloiva linaloliwa na chumvi. Mimi nikapata dafu, ile nyama laini inayokwanguliwa kwa kipande cha ganda. Uchachu wake ulikuwa safi, unakung'arisha meno. Tukaonja na changu wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Wote tukanyamaza tena, tukaongeza samaki. Mkia: vidole saba. Tukaandika alama.

Chupa ya pili, nyeupe pia, lakini hii iliingia na fujo. Kabla hujafikisha pua, harufu imeshakufuata: jani lililokatwa, pera bichi, pasheni lililopasuliwa sasa hivi. Uchachu mkali zaidi ya ya kwanza. "Hii ni moto!" binamu akapiga meza. "Hii naidai, wasee, hii ndio yenyewe." Mkia mfupi, vidole vinne, lakini ule mwanzo wake ni balaa, naukubali.

Ya tatu, nyekundu. Ukiishikilia kwenye taa ni rangi ya zambarau hasa, na puani zambarau lenyewe limekaa katikati kama mwenye nyumba. Pembeni tende. Utamu kidogo, ukakasi wa kiasi, mwili mwepesi. Sista alifumba macho, akasema inamkumbusha mkeka wa bibi yake, siku ya sikukuu, matunda yamewekwa juu. Nikamuuliza kama amevunja sheria ya tatu. Akasema mkeka ule aliutafuna akiwa na mwaka mmoja, bimkubwa wake ni shahidi. Tukamkubalia.

Ya nne ndiyo ile aliyoitabiri sista. Giza. Harufu ya mkaa, mishkaki inayodondosha mafuta kwenye jiko, kahawa iliyokaangwa mpaka karibu na kuungua, na ndani kabisa karafuu. Nikamshukuru kimoyomoyo mama wa Mgandini, maana bila yeye karafuu ile ningeipita. Kwenye ulimi ikakaba. Binamu akatoa macho.

"Mgosi," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia neno letu, "hii waini ina bibo ndani."

Hapo ndipo niliposikia raha ambayo sijui hata niielezeje. Mtoto wa Eastlands aliyekula bibo lake la kwanza saa moja kabla, akalikuta tena kwenye glasi, akalitambua, akalitaja. Hakukariri popote.

Tukajaribu ya nne na samaki. Zingua kabisa! Ukakasi ule ukikutana na changu unaacha ladha ya chuma, kama umelamba msumari. Tukaiweka na mishkaki, ikatulia. Tukatia pilipili ya kuwasha kwenye mishkaki, moto ukapanda mara mbili, kwa sababu kilevi kinachochea pilipili. Kwa wale wenzangu wanaopenda pilipili ya kukatisha machozi, nyeupe ya baridi yenye utamu kidogo ndiyo mwenzenu, nyekundu nzito iacheni ilale.

Ya tano nitaisema kwa kifupi kwa sababu inahuzunisha. Nyekundu iliyokwenda rangi ya kutu pembeni. Puani zabibu kavu zilizochemshwa, siki kwa mbali, boksi lililolowa. Mdomoni hakuna mtu nyumbani. Kila mmoja aliiweka mkiani, bila kujadiliana.

Sista akakata kamba.

Ya tano ilikuwa ya Bordeaux, Ufaransa, ghali kuliko zote, mshikaji wa Chuda alijipinda kuinunua kwenye duka moja hapa mjini. Akaikumbuka palepale: ilikuwa imesimamishwa dirishani, jua la mchana linaipiga, na hakuna anayejua ilikaa pale tangu lini. Ilipikika. Joto linasukuma kizibo, hewa inaingia, kinachobaki ni maiti ya waini. Wakulima wa Bordeaux hawana kosa, na mshikaji wangu hana kosa, alitaka kutuletea kitu kizuri. Ukinunua, mgosi, angalia chupa imelazwa wapi, gusa kizibo kama kimetokeza, na ukiona jua linaigusa, ipite hata kama jina lake linang'aa.

Ya nne ilikuwa Pinotage ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Zabibu hiyo ilizaliwa hukohuko mwaka 1925, profesa Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wenyewe waliiita Hermitage. Kule Rasi wanakamua zabibu tangu Februari 1659, kwa hiyo wamekosea mengi na kujifunza mengi. Ya pili, binamu akaruka juu, maana yeye ndiye aliyeitanguliza kutoka kwao na hakuitambua: Leleshwa, Sauvignon Blanc ya Bonde la Ufa, Kenya, imepewa jina la kile kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia. "Niliwashow!" akasema. "Niliwashow hii ni moto!"

Na ya kwanza, iliyoongoza kwa alama, na ya tatu, iliyoshika nafasi ya pili? Zote mbili Dodoma.

Hapa nataka nikae kidogo. Kitaa ukitoa chupa ya Dodoma kwenye sherehe kuna watu wanakuangalia kama umekosa hela. Wanaijua Dompo, tamu na nzito, wanaona Dodoma imeishia hapo. Mizabibu ile ilipandwa karne iliyopita na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, kwa ajili ya misa, na ikaikubali nchi ile kavu, mchanga mwekundu, mita kama 1,100 juu ya bahari, mchana jua la kuchoma na usiku ubaridi. Mvua ni chache, kwa hiyo magonjwa ya ukungu hayatambi sana. Mzabibu wa Ulaya unalala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma haulali, ukiukata matawi kwa mpangilio unazaa mara mbili. Kuna kituo cha utafiti Makutupora, na zabibu nyekundu inayobeba jina la mahali hapo, ndiyo tuliyoinywa chupa ya tatu. Nyeupe ilikuwa Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la Loire Ufaransa, ambayo Afrika Kusini wanaiita pia Steen, na Hombolo na vijiji vya karibu wanaijua vizuri. Kwenye joto zabibu nyingi zinapoteza uchachu. Chenin inaushikilia. Ndiyo maana ilikata yale mafuta ya changu kama ndimu.

Na bado miaka mingine mkulima wa Dodoma anavuna, anakosa mnunuzi, zabibu zinamwozea mikononi. Nikikumbuka hilo na nikikumbuka zile alama tulizoziandika bila kujua tunampa nani, naona tuna deni. Siongelei kununua kwa huruma. Tulinyweshwa gizani na tukachagua wenyewe, kwa pua zetu.

Sista alikuwa ameshachukua daftari. Anaandika: zambarau, bibo, ganda la chungwa bichi, pera, pasheni, dafu, embe na chumvi, tende, karafuu, mkaa wa mishkaki. Pembeni ya kila neno ameandika ni chupa ipi. Alisema akirudi kazini, hoteli yoyote, mgeni akimuuliza zambarau likoje, atamletea kwenye kisahani.

"Na Tanga yenyewe?" binamu akauliza, usiku umeenda, mabibo yamebaki mawili. "Mko na yenu?"

Nikavuta chupa ya sita chini ya kitanda. Hii haikuwa ya mashindano. Niliifuata mwenyewe: Muheza, Korogwe, Mombo, halafu zile kona za kupanda Soni ambazo masikio yanaziba. Karibu na Soni kuna misheni ya Wabenediktini, Sakharani, wana mimakadamia yao na wanauza waini wanayoitengeneza hukohuko. Bado ni mkoa wetu, Tanga hii hii. Wana wakanyoosha glasi. Nikawaambia hapana, hii ina mwenyewe.

Asubuhi yake tukapanda gari la Muheza, mimi na binamu, chupa imezungushiwa kanga yenye maji ili ipoe njiani. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele. Binamu akaachana na Sheng yote, akainama: "Shikamoo bibi." Tukaketi. Sikumwambia ni ya wapi. Nikammiminia kidogo kwenye kikombe chake cha bati, hakuna glasi pale na hakuna anayezihitaji.

Hakunywa. Alikishusha kikombe chini ya pua akakaa nacho muda mrefu, macho yanaangalia migomba. Kisha akavuta funda, akalizungusha mdomoni, akameza. Binamu akataka kusema kitu, nikamshika mkono. Bibi alikuwa amefumba macho, na juu ya goti lake, bila mtu yeyote kumfundisha, vidole vilikuwa vinagonga kimoja kimoja. Nikavihesabu. Vilipita saba. Vilipofika tisa alikuwa bado hajafumbua macho.